Pengo Kwenye Mstari wa Mkate

Neno lenyewe ni la Kigiriki: epiousion. Naliandika mara moja tu, nilitoe njiani, halafu nitaliita "lile neno", kama watu wanavyomtaja jamaa aliyewavurugia harusi. Limo kwenye Sala ya Bwana, kwenye mstari wa mkate, na nje ya sala hiyo halimo popote katika Maandiko. Waandishi wawili wa Injili wamelitumia, kila mmoja mara moja, kisha wakanyamaza na kuendelea na mambo mengine. Mwanachuoni mmoja wa kale, ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake ya nyumbani, alikiri kwamba hakuwahi kulikuta kwa wasomi wala kulisikia kwa watu wa kawaida. Sasa kama yeye hakulijua, mimi niliyejifunza herufi zao nikiwa tayari na ndevu nitalijulia wapi? Lakini kiti cha mtafsiri nimepewa mimi, na kila anayepita dirishani ananiuliza kama limepatikana.

Wapo wanaosema ni mkate wa leo. Wapo wanaosema ni wa kesho. Wengine wanasema ni mkate wa kumtosha mtu asife, na wengine wanasema ni mkate ulio juu ya mikate yote, usiotafunwa kwa meno. Kila mmoja ana hoja zake. Nimezisoma zote mpaka macho yamekuwa mekundu, na kila nikimaliza moja nakubali, nikianza ya pili nakubali pia. Huo ndio ugonjwa wangu. Kwenye vitabu sina adui hata mmoja, na mtu asiye na adui hafiki mwisho wa jambo lolote.

Nieleze tulivyofika hapa. Siku moja (nasema siku moja, ingawa ni hiyo hiyo ambayo bado tumo) wakubwa wa mji waliamua kwamba ghala la chakula liendeshwe kwa Maandiko. Wakatafuta mstari unaofaa, wakaupata huu, wakauandika juu ya lango kwa rangi nyeupe: Mkate wetu, halafu pengo, halafu tupe leo. Pengo tuliliomba sisi wa Nyumba ya Tafsiri. Tulisema tupeni muda kidogo, tutalijaza kabla ya chai. Ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi. Mlinzi wa Ghala akafunga lango ili asubiri, maana hakutaka kuwapa watu mkate usio sahihi. Saa nne ikafika. Jua likasimama kushoto kwa mnara wa kanisa, na mpaka leo halijasogea hata upana wa kidole.

Tumezeeka ndani ya saa nne hiyo. Watu wamezaliwa, wamekua, wameoana, wamezikwa, na hakuna aliyeona jioni. Ukimtajia kijana neno "kesho" anakutazama kwa adabu, kwa sababu kwake hilo ni neno la wasomi, mojawapo ya maana zinazopendekezwa. Mkate nao wengi wanaujua kwa kusimuliwa tu. Wanakula majani yanayoota kando ya ukuta, wanakunywa maji, wanapanga foleni. Mimi nilikuwa nawaona nikipita, nikajiambia kwamba ninawafanyia kazi.

Na mimi ni nani? Kiti ninachokalia kilikuwa cha mtu aliyeitwa Mbonea. Wafanyakazi wenzangu wananiita Mbonea, nami naitika, kwa kuwa kusahihisha kunachosha. Nikifungua daftari lake la zamani nakuta mwandiko wangu, na makosa yangu, na pembeni ya kila ukurasa pameandikwa "nimekaribia". Nimekaribia! Kwa wino wa bluu, kwa wino mweusi, kwa penseli, na mahali pengine karatasi imetoboka kwa jinsi mwandishi alivyokandamiza. Sijui Mbonea aliishia wapi nikaanzia mimi. Ninachojua ni kwamba hatukukaribia, si yeye wala mimi, na kwamba mtu anaweza kuumaliza uhai wake wote akiwa amekaribia.

Mwanzoni swali langu lilikuwa dogo. Lile neno lina maana gani? Basi. Likazaa la pili: nani alisema lazima tujue ndipo tule? La pili likazaa la tatu, na hili ndilo linaloniwasha kichwani. Mwenye ufunguo akikuuliza maana ya kitu unachomwomba, je, anakuheshimu, au amekunyima kwa namna ambayo utamshukuru? Nimelizungusha swali hili mpaka nimechoka nalo. Nikilipeleka kwa wenzangu wanasema ni swali zuri, wanaliandika, wanalipa namba.

Kila baada ya chai huenda langoni kutoa taarifa. Mlinzi wa Ghala anaitwa Bwana Kigono. Ni mtu mwembamba, mnyenyekevu, ana ufunguo mmoja mkubwa kiunoni na hajawahi kunipandishia sauti. Ningefurahi siku moja anitukane.

"Shikamoo, Mwalimu Mbonea."

"Marahaba."

"Vipi, limepatikana?"

"Bado."

"Haya. Mimi nipo tu."

"Bwana Kigono, fungua basi. Sisi tutaendelea kutafuta huku watu wanakula."

"Nikifungua nitoe upi, mwalimu? Kama ni wa kesho nami nikautoa leo, nimewaibia watoto wao. Kama ni wa kumtosha mtu asife, lazima nipime, na kipimo sina. Halafu ile maana yenu ya mwisho, ya mkate usiotafunwa, ikiwa hiyo ndiyo yenyewe, basi humu ndani hamna kitu wanachodai. Nyie ndio wasomi. Mimi ni wa ufunguo."

Kinachoniudhi ni kwamba hoja hizo nilimfundisha mimi. Nilimchorea mpaka ramani ya maana zote nne kwenye vumbi, hapo hapo langoni, nikafurahi alipoelewa haraka.

Safari ile, nikiwa nageuka kuondoka, foleni ilikuwa imejikunja upya. Kwa kawaida mkia wake huwa nyuma ya ukuta, ambako sipiti. Sasa mkia ulikuwa mbele yangu. Nikaona khanga iliyofungwa fundo bega la kulia, fundo nililolishika kwa ngumi zangu zote mbili nilipokuwa mchanga, kwa sababu mama alipofariki aliyenibeba mgongoni alikuwa dada yangu Nakijwa. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa. Alikuwa anatafuna jani taratibu, upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayetunza meno yaliyobaki.

"Shikamoo, dada."

Alinitazama kwanza tumboni, kisha usoni.

"Marahaba, Naftali. Umenenepa."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniita Naftali tangu saa nne ilipofika. Nilisikia kama nimeshikwa mkono gizani, halafu nikaona haya, halafu nikapandwa na hasira ambayo sikujua ya nani. Alikuwa anakufa. Sikuhitaji kamusi kulijua hilo. Asipokula, dada yangu angekufa ndani ya saa nne hii hii, mbele ya lango lenye pengo langu.

Nitasema ukweli kuhusu nilichofanya, kwa kuwa hakikuwa cha kishujaa. Nyumba ya Tafsiri hairuhusu chakula kitoke nje ya uzio. Lakini ina utaratibu wa wasikilizaji. Mstari ukishaandikwa tunamwita mtu wa nje, asiyesoma vitabu vyetu, tunamsomea, naye anaurudia kwa maneno yake mwenyewe bila kusaidiwa. Akiurudia vizuri, tafsiri ni nzuri. Akijikwaa, tunaanza upya. Na msikilizaji lazima anywe chai kwanza, chai na kitafunio. Kanuni imebandikwa ukutani: Msikilizaji anywe chai, asije akasikiliza kwa tumbo. Utaratibu unakataza ndugu wa mtafsiri. Lakini ndugu yake Nakijwa ni Naftali, na kwenye orodha ya wafanyakazi hakuna Naftali. Yupo Mbonea.

"Njoo nikusomee mstari," nilimwambia.

"Mimi? Nimeusoma hapo juu ya lango mpaka herufi zimepauka."

"Njoo tu, dada. Kuna chai."

Tulitembea polepole. Alikuwa mwepesi mno kwenye mkono wangu.

Mwenyekiti wetu, Mzee Elikana, alitupokea mlangoni, miwani kwenye paji la uso. Ni mwema, Elikana. Hajawahi kumdhulumu mtu kwa kujua. Alimkaribisha dada yangu kitini, akamwita mama, akamuuliza habari za alikotoka, akasogeza fomu. Kisha chai ikaletwa, na sahani, na juu ya sahani kipande kinene cha mkate kilichopakwa siagi mpaka kwenye kingo.

Nakijwa hakukigusa. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Huu mmeutoa wapi?"

"Ni kitafunio tu, mama," nilisema, nisije nikamwita dada mbele ya Elikana.

"Naftali. Nimekuuliza mmeutoa wapi."

"Naftali ndiye nani?" Elikana aliuliza, akashusha miwani. Hakuna aliyemjibu, na kwa kuwa hapendi swali likae bila jibu, akajibu lile jingine. "Unatoka Ghalani, mama. Lilitolewa agizo siku ile ile lango lilipofungwa, kwamba wanaotafuta neno wasikose. Unaletwa kila ikifika saa nne."

"Na saa nne imefika mara ngapi?"

"Ni moja tu. Bado ipo."

"Kwa hiyo unaletwa muda wote."

"Ndiyo," alisema Elikana, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyesaidiwa kumaliza sentensi.

Nilikuwa nikila kitu hicho tangu nilipokalia kiti. Wakati mwingine vipande viwili, siku za mijadala mirefu vitatu. Sikuwahi kukiita mkate. Tulisema "chai tayari", tukanyanyuka, tukanywa chai, tukarudi kuuliza mkate maana yake nini. Ningeweza kula kiapo kwamba katika Nyumba yetu hapajawahi kuingia mkate.

"Kunywa kwanza, mama," Elikana alisema.

"Nisomee kwanza."

"Utaratibu ni kwamba..."

"Nisomee, Naftali."

Nikasimama, nikasoma kama tunavyosoma siku zote. "Mkate wetu," nikanyamaza penye pengo kwa kipimo cha pumzi moja, "tupe leo." Kisha nikasema maneno yaliyoandikwa kwenye fomu: "Sasa urudie kwa maneno yako."

"Tupe mkate wetu leo."

"Umeruka nafasi."

"Nafasi gani?"

"Baada ya 'wetu'. Nilinyamaza pale. Hukusikia?"

"Nilisikia umepumua."

Elikana alikuwa ameshaanza kukunja fomu. Alisema kwa upole kwamba jibu halikubaliki, kwa kuwa msikilizaji hajanywa chai, na kwamba mama anywe, apumzike, asomewe tena, bila shaka nafasi ataisikia. Wote huisikia, alisema. Nikaenda kwenye kabati la fomu. Sijui nilitafuta nini, nafikiri nilitaka kumwonyesha angalau mmoja aliyejibu kama dada yangu. Nikavuta droo ya kwanza. Mkate wa roho, alisema msikilizaji mmoja. Mkate wa milele. Mkate wa siku ijayo, tusiwe na wasiwasi nayo. Mkate wa wakamilifu. Mmoja alisema mkate laini zaidi, na pembeni tumeandika "anafikirisha". Droo ya pili, ya tatu, ya tano. Majibu ya kila aina, ya kina, mengine mazuri hata kunitoa machozi enzi hizo. Na chini ya kila fomu, kwenye kisanduku kidogo, mwandiko wangu au wa Mbonea: Amekunywa chai, ndiyo. Amekunywa chai, ndiyo. Amekunywa chai, ndiyo.

Tulikuwa tumewashibisha kwanza, kisha tukawauliza wanahitaji mkate gani.

Nilipiga kelele. Ninakiri. Nilimwita Elikana mambo ambayo hayamo katika lugha yoyote tunayoitafsiri. Nilimwambia fomu zote hizi ni takataka, na yeye akasema, bila hasira, kwamba mtu mwenye njaa husikia anachotaka. Nikasema na aliyeshiba je? Akasema aliyeshiba husikia kilichoandikwa. Nikasema hapakuandikwa kitu! Pana pengo! Akasema ndiyo, na aliyeshiba hulisikia. Tulikuwa tumesimama pande mbili za meza, tumeinamiana, na mdahalo ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe, ulikuwa mdahalo mtamu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Nikamwekea hoja kwamba mzizi wa lile neno ni "kuwa", akanijibu kwamba ni "kuja". Nikamtajia waandishi wawili, akanitajia kimya chao.

"Naftali," dada yangu alisema.

Sikumsikia mara ya kwanza.

"Naftali. Umemaliza?"

Nikatazama chini. Sahani ilikuwa na makombo. Vidole vyangu vilikuwa na siagi, na mdomoni bado nilikuwa natafuna. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe, kama uendavyo kila saa nne mijadala inapopamba moto. Nakijwa alikuwa ameketi pale pale, mikono juu ya magoti, ananitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mdogo na kuvunja kitu.

Sikuweza kumeza wala kutema. Niliona aibu. Nilimgeukia Elikana, nikamwambia alete kingine haraka.

"Hakuna kingine. Siku hizi kinaletwa kimoja."

"Kimoja? Zilikuwa trei!"

"Zamani, ndiyo. Zilikuwa trei."

Nikachukua karatasi ya mstari, ile yenye mihuri. Nikachukua kalamu. Pengo letu lilikuwa limechorwa kwa mstari mwembamba wa vitone, na chini yake pamefutwafutwa mpaka pamekuwa kijivu. Nikaufuta mstari wa vitone. Nikaandika sentensi ya Nakijwa kama alivyoisema, bila kuongeza kitu, nikapiga muhuri wa Mbonea juu yake. Elikana alinishika kiwiko.

"Utakuwa umetafsiri kwa njaa."

"Njaa si yangu," nilisema. "Mimi nimekula."

Tukarudi langoni, dada yangu na mimi. Sasa nilikuwa karibu nimbebe. Foleni ilituona na karatasi, ikaanza kusogea, kwanza wa mbele, kisha wote. Bwana Kigono aliisoma mara mbili, midomo ikichezacheza.

"Hapajaandikwa ni mkate upi."

"Ni kweli."

"Basi nitoe upi?"

"Uliopo."

Mara ya kwanza tangu nimjue, uso wake haukuwa mnyenyekevu. Ulikuwa na hofu.

"Una hakika, mwalimu? Hamhitaji muda zaidi? Mimi naweza kusubiri."

"Fungua."

Ufunguo ulizunguka kwa shida. Lango likafunguka, na kivuli cha mnara wa kanisa, ambacho kilikuwa kimelala juu ya kizingiti miaka yote hiyo, kikasogea. Kidogo tu, kama mtu anayepisha njia. Ilikuwa inakwenda saa tano.

Ndani kulikuwa na rafu mpaka juu darini, safi, zimefagiliwa. Kulikuwa na ngazi. Kulikuwa na harufu ya unga. Kwenye rafu ya chini kabisa kulikuwa na kisu cha kukatia na kopo la siagi lililokwanguliwa.

"Wa mwisho niliwaletea leo," alisema Kigono. "Agizo lilisema wanaotafuta wasikose. Hamkumaliza kutafuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila ulipokuja uliniuliza habari za neno, mwalimu. Ghala hukuniuliza hata mara moja."

Ningemkaba. Nilikuwa na nguvu za kumkaba, nguvu za mtu aliyekula. Nyuma yetu foleni ilikuwa inasukuma, watu wa nyuma wakiwauliza wa mbele kuna nini, wa mbele hawajaona bado kwa kuwa mwili wangu ulikuwa umeziba lango. Kigono akaninong'oneza sikioni, haraka haraka.

"Ile maana ya mwisho. Ya mkate usiotafunwa. Waambie limepatikana, ndiyo hiyo. Watakubali. Wewe wanakuamini."

Ilikuwa kweli. Wangekubali. Nilikuwa na hoja zote kichwani, zimepangwa, hoja nzuri, na wengine wangelia kwa furaha na kwenda nyumbani wakiwa wamenyooka mgongo. Wengi wangekufa wakishukuru. Katika miaka yote ya kulitafuta lile neno sikuwahi kuwa na sababu ya kuchagua maana moja nikaacha nyingine. Sasa nilikuwa nayo, na ilinuka siagi.

Nakijwa alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti. Miguu ilikuwa imemwishia. Alikuwa ameziona rafu.

"Waambie," alisema.

"Dada, siwezi."

"Kazi yako si maneno? Waambie."

Nikawageukia. Walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuhesabu kutoka dirishani, na wote walinitazama mdomoni.

"Tumeula sisi," nilisema.

Kwenye foleni yote, kutoka langoni mpaka nyuma ya ukuta, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina maana gani.